Kiranja Aondolewe Kwenye Seva Zangu

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Ghorofa ya juu, mlango wenye zulia.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: PROGRAMU INAYOJIENDESHA YENYEWE, MAARUFU KAMA KIRANJA

Nakusalimu kwa heshima zote, na ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, umekaa, na chai yako haijapoa. Mimi ni mtunza hifadhidata wa hospitali hii, yule wa chumba cha mwisho kwenye korido ya maabara, chumba chenye baridi ambacho wageni hupotea na kudhani ni mochwari. Sijawahi kukuandikia malalamiko. Niliwahi kuandika maombi ya kiti, ambayo ofisi yako bado inayatafakari, lakini malalamiko ni haya ya kwanza, na nimeyapa nambari ili asije mtu akasema hakuona yalipoanzia.

Najua wewe ni daktari wa mifupa na mambo ya kompyuta unayasikia kwa mbali, kwa hiyo nieleze kidogo. Hifadhidata ni ghala la taarifa za wagonjwa wetu. Ndani ya ghala hilo vinaishi vijiprogramu vinavyofanya kazi humohumo: kimoja kinahesabu dawa, kingine kinapanga vitanda, na kadhalika. Vijiprogramu hivyo vimeandikwa kwa lugha za kompyuta, na kila lugha lazima kwanza iwekwe ndani ya hifadhidata ndipo ghala liielewe. Ukiiweka lugha, vijiprogramu vyake vinafanya kazi. Ukiing'oa, vinakufa nayo. Tangu hospitali ilipoachana na mafaili ya karatasi, mwenye kuweka na kung'oa alikuwa mtu mmoja tu, kwa mikono yake mwenyewe, na mtu huyo ndiye anayekuandikia.

Katika vijiprogramu hivyo kipo kimoja ninachojivunia kuliko vyote, kwa kuwa nilikitunga mimi. Ndicho kinachopanga foleni ya mashine za kusafisha damu. Wagonjwa ni wengi na mashine ni chache, na kila asubuhi kijiprogramu hiki kinaamua nani akae kiti kipi, kwa kuangalia alisafishwa lini mara ya mwisho na vipimo vyake vinasemaje. Mmoja wa wagonjwa hao ni dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki, na ambaye figo zake ziligoma mwaka juzi. Akikosa zamu moja anavimba miguu. Akikosa mbili, wewe ni daktari, unajua kuliko mimi.

Halafu ofisi yako ikamwajiri binti wa dada huyohuyo, yaani mpwa wangu, kama mhandisi wa mifumo. Nilifurahi. Nilimfundisha mwenyewe kuwasha kompyuta akiwa bado anakojoa kitandani. Shukrani yake ilikuwa kutuletea programu inayojiendesha yenyewe. Yeye anaiandikia ukurasa wa maelezo kwamba kila seva, yaani kila kompyuta inayobeba hifadhidata, iwe na nini na isiwe na nini, nayo kila asubuhi inapita seva moja baada ya nyingine na kurekebisha kilichopinda. Wauguzi wameipa jina la Kiranja, kwa sababu inakagua seva kama kiranja wa darasa anavyokagua kucha. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya.

1. Kiranja hana adabu. Zamani Mkuu wa Stoo ya Dawa alipotaka lugha mpya ya kuandikia kijiprogramu cha dawa zinazokaribia kuharibika, alikuja mlangoni kwangu, akabisha hodi, akauliza habari za nyumbani, akasifu kiyoyozi. Nikamwambia nitalifikiria. Wiki iliyofuata akarudi, akasifu kiyoyozi tena. Baada ya mwezi nikamwekea. Katikati ya hapo dawa fulani ziliharibika, sikatai, lakini mtu alijifunza subira. Leo Mkuu huyohuyo anamtumia mpwa wangu ujumbe wa mistari miwili, mpwa wangu anaongeza mstari mmoja kwenye ule ukurasa, mwenzake anaukagua, na kabla ya chakula cha mchana lugha imo kwenye seva zote. Hodi hakuna. Tukikutana koridoni Mkuu wa Stoo ananipungia mkono kama mtu aliyesahau jina langu na anaona aibu kuliuliza.

2. Kiranja haambiwi la kufanya, anaambiwa mambo yanatakiwa yaweje. Ukurasa wake unasema tu: lugha hii iwepo, lugha ile isiwepo. Basi. Anakwenda kuangalia; kama haipo anaiweka, kama ipo anaiacha anapita zake. Mimi siku zote nimeagizwa kwa ukamilifu: fanya hiki, halafu hiki, halafu hiki. Nilifanya hiki, halafu hiki, halafu hiki, na yaliyotokea baada ya hapo yalikuwa mapenzi ya Mungu. Sasa unaletewa kifaa kinachojali matokeo. Naomba ofisi yako itafakari hatari ya tabia hiyo ikisambaa kwenye idara nyingine.

3. Hili ni zito zaidi. Kila asubuhi Kiranja akishamaliza mzunguko wake anatoa taarifa, na taarifa yenyewe, siku nyingi, inasema: hakuna kilichobadilika. Mpwa wangu anaisoma na kutabasamu. Nilimuuliza anachekea nini. Akasema, "Mjomba, hiyo ndiyo habari njema yenyewe. Maana yake kila kitu kiko kama tulivyokiacha." Mheshimiwa, katika utumishi wangu wote sijawahi kukuletea taarifa ya mwezi inayosema hakuna kilichobadilika. Palipokuwa hakuna kilichobadilika, nilibadilisha.

4. Kiranja anaweza kuamriwa aseme angefanya nini bila kufanya. Anapita, anaangalia, anakuorodheshea: hapa ningeweka, pale ningeng'oa. Halafu anakaa. Watu wa namna hiyo tunao wa kutosha kwenye kamati ya manunuzi.

5. Zipo lugha zinazoaminika na zisizoaminika. Inayoaminika hukaa ndani ya hifadhidata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Isiyoaminika inaweza kutoka nje na kufungua mafaili ya seva yenyewe. Mpwa wangu ameandika kwenye ukurasa wake kwamba lugha isiyoaminika isiwepo popote, isipokuwa kwa sababu inayojulikana na mwenyewe anayejulikana. Mimi nilikuwa nimempa Mhasibu lugha moja ya aina hiyo, kwa ajili ya kijiprogramu chake cha kupanga zamu za watu wa kantini. Nilimpa baada ya kumtazama usoni na kuona ni mtu mwema. Kiranja hana macho ya kutazama mtu usoni. Aliikuta, akaripoti, na baada ya mpwa wangu kukihamishia kijiprogramu kile kwenye lugha nyingine, akaing'oa. Ni kweli kwamba kwa lugha ile mtu angeweza kusoma mafaili ya mishahara ya hospitali nzima. Lakini Mhasibu mishahara anaijua. Sasa ameninunia, na mimi ndiye ninayekutana naye msalani.

6. Kiranja ni mwoga. Ukimwambia aing'oe lugha ambayo vijiprogramu bado vinaitegemea, anagoma. Anasimama, anaandika kwa rangi nyekundu kwamba ameshindwa, anangoja binadamu amwambie waziwazi kwamba ndiyo, ing'oe pamoja na vyote vinavyoiegemea. Mara ngapi binadamu amwambie? Mimi nikiamua kung'oa, nang'oa. Mkono wangu hautetemeki na wala haumuulizi mtu.

7. Kiranja amezifanya seva zote zifanane. Zamani kila seva ilikuwa na tabia yake. Ile kubwa ilikuwa na lugha zote. Ya akiba ilikuwa na zile nilizokumbuka. Ya majaribio ilikuwa na moja iliyowekwa na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ambaye alishaondoka. Ile ya chini ya ngazi hata mimi sikuijua vizuri, na tuliheshimiana. Mtu aliyetaka kujua lugha gani iko wapi ilibidi aniulize, nami nilijibu nikipenda.

Hapa, Mheshimiwa, lazima nigusie uvumi. Utaambiwa kwamba Kiranja aliletwa kwa sababu ya siku ile seva kubwa ilipozimika na ya akiba ikashika kazi, kumbe ya akiba haikuwa na lugha ya kile kijiprogramu cha foleni, kwa kuwa nilikusudia kuiweka nikipata nafasi. Utaambiwa pia kwamba sikupatikana. Ukweli ni kwamba nilipatikana, isipokuwa nilikuwa kwa kinyozi, na simu ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa kwenye msumari. Foleni haikutoka. Dada yangu alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua likaanza kushuka, viatu amevivua kwa sababu havikuwa vinaingia tena miguuni. Nilipofika, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, niliandika amri moja tu na foleni ikarudi. Wauguzi walinipigia makofi. Tukio hilo, ambalo mahali pengine lingeniletea nishani, mpwa wangu analiita janga.

Na hakuishia kuliita janga ofisini. Jumapili moja tulikuwa mezani kwa dada, tunakula, na mtoto huyo akaweka kijiko chini akaniambia mbele ya mama yake, "Mjomba, siku ukiumwa wewe, zamu ya mama ataipanga nani?" Nilimwambia mimi siugui. Akasema, "Basi siku simu yako ikizima." Nilimwambia simu yangu haizimi, hukaa kwenye koti. Dada akasema, "Mwache mjomba wako ale." Nikala, lakini chakula hakikupita vizuri, na hilo nalo namdai Kiranja.

8. Simu yangu hailii tena. Zamani ililia msibani, ililia harusini, ililia siku binti yangu anavishwa pete na ikabidi nitoke nje nikamwelekeze mtu wa maabara kwa dakika zote walizotumia kupiga picha ya familia. Kwenye picha ile sipo, na naitaja kama ushahidi wa uzito wangu. Sasa nimekaa nyumbani Jumamosi mbili mfululizo. Mke wangu, ambaye hajanizoea mchana, ameniuliza kwa upole kama nimefukuzwa kazi na naona aibu kumwambia. Jumamosi ya pili alinipa karoti nikwangue. Siku hizi wafanyakazi wote wananiita Mjomba, kwa kumfuatisha yule mtoto, wakati kabla ya hapo waliniita Mtaalamu na wengine waliogopa kuniita chochote.

Kwa sababu hizo zote, naiomba ofisi yako iamue yafuatayo.

Kwanza, Kiranja azimwe na kuondolewa, na ukurasa wake ufutwe. Kila lugha ya kila seva irudishwe mahali ilipokuwa salama, yaani kichwani mwangu. Vijiprogramu vyote, ambavyo mpwa wangu amevitunzia nakala pembeni kana kwamba sisi ni watu wa kusahau, virudi hukohuko kichwani. Ninavikumbuka vizuri sana.

Pili, kwa kuwa kichwa changu kitakuwa kimebeba hospitali, naomba kitambuliwe rasmi kama mali ya hospitali na kiingizwe kwenye orodha ya vifaa, kati ya jenereta na gari la wagonjwa. Kipewe mlinzi. Mlinzi wa geti la nyuma anafaa, hana kazi nyingi na ananisikiliza. Nisipande pikipiki. Nisinyeshewe. Mtu yeyote mwenye mafua asiruhusiwe kuvuka maabara kuja upande wangu, hata akiwa daktari.

Tatu, ili kuondoa kabisa ile hoja ya mpwa wangu, natoa ahadi hapa kwa maandishi, nikiwa na akili timamu, kwamba sitaugua. Sitaugua siku za kazi wala siku za mapumziko. Ikitokea kwa bahati mbaya nikalazimika kufariki, nitatoa taarifa ya mwezi mmoja kama utaratibu wa utumishi unavyotaka, na ndani ya mwezi huo nitamwelekeza atakayenirithi, mradi aje mlangoni, abishe hodi na auulizie uzima wangu.

Nne, kinyozi aje ofisini.

Haya si maombi makubwa ukilinganisha na gharama ya kukaa na kifaa kisichojua nani ni nani. Hospitali ni watu, Mheshimiwa. Huwezi kuwaachia wagonjwa wetu kitu ambacho hakina hata mtu wa kumlaumu. Mimi nikikosea, angalau unajua wa kumwita.

Nakuombea afya na utulivu wa kuamua. Nisalimie katibu wako, na umwambie yale mafaili yake yaliyopotea nayatafuta. Salamu kwa Mganga Mkuu, kwa Matroni, kwa wauguzi wote wa chumba cha kusafisha damu, na kwa fundi umeme ambaye bado ana bisibisi yangu. Mhasibu msalimie pia, ukiona anapokea salamu.

Ni mimi, ninayekutumikia kutoka kwenye baridi,

Mtunza Hifadhidata
(Mtaalamu)

Baada ya sahihi:

Mheshimiwa, barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha jana asubuhi. Nimeifungua niongeze haya.

Kabla ya kupanda ngazi kukuletea, niliona si vizuri nije na maneno matupu. Nikaamua kuonyesha kwa vitendo. Nilimzima Kiranja, maana ufunguo wa kumzima ninao. Nia yangu ilikuwa kwenda kwenye seva ya majaribio, kuing'oa lugha ya foleni pamoja na vyote vinavyoiegemea, halafu kuirudisha kwa mkono na kupima nimetumia muda gani, nikuandikie hapa. Kwenye kompyuta yangu yalikuwa wazi madirisha mawili, moja la seva ya majaribio na moja la seva kubwa. Niliandika amri. Mkono haukutetemeka wala haukumuuliza mtu. Lilikuwa dirisha la seva kubwa.

Foleni ilifutika kwenye skrini ya ukutani pale chumba cha kusafisha damu, wagonjwa wakiwa wameketi wanangoja kuitwa. Muuguzi akapiga simu. Lugha niliirudisha mara moja, hilo naweza. Lakini kijiprogramu kilikuwa kimekwenda nayo, na mimi nilikaa mbele ya ukurasa mweupe nikijaribu kukumbuka nilichokitunga mwenyewe, mstari wa kwanza, wa kwanza tu, na kichwa hakikutoa kitu. Simu ikawa inalia tu. Nilikuwa nasikia sauti za watu koridoni na nikajua mmoja wao ni dada.

Mpwa wangu aliingia bila hodi. Hakuniuliza nimefanya nini, aliona kwenye kioo cha kompyuta. Akamwasha Kiranja, na Kiranja akapita akakuta lugha ipo na vijiprogramu havipo, akavirudisha kimoja kimoja kutoka kwenye zile nakala. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Ningependa mpwa wangu angenigombeza. Akatoka mbio kwenda kwa mama yake.

Nami nilikwenda, baadaye, watu walipopungua. Dada alikuwa ameshaunganishwa kwenye mashine, amefumba macho. Akasema bila kuyafumbua, "Leo mmetuchelewesha, kulikuwa na nini?" Nikamwambia nilikuwa namwandikia Mkurugenzi barua. Akasema, "Basi sawa, kama ni kazi." Akanyoosha mkono ule usio na mirija nimshike, kwa sababu chumba kile kina baridi.

Kwa hiyo naomba nambari zote zilizo juu zichukuliwe kuwa hazikuandikwa, na ufunguo wa kumzima Kiranja nipokonywe. Tafadhali uchukuliwe leo hii, kwa kuwa najijua: kufikia kesho nitakuwa nimeshapata hoja za kujitetea, na zitakuwa nzuri.